Chumvi ya Mama Zaina

Nakumbuka Jumamosi moja ya wakati wa vita, mwanangu, na kila nikiikumbuka haya hunishika upya. Ninyi siku hizi mkichoka na mji mnabeba sufuria na redio, mnavuka kwenda shambani kupika na kupumzika, mnarudi Jumapili mkicheka. Nami nilikwenda hivyo hivyo, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Milio ya risasi ilikuwa imeninyima usingizi, mama akaona niende kwa mdogo wake, Mama Zaina, ng'ambo ya mto Lualaba, nikapumue siku mbili.

Chumvi ilikuwa imeadimika mjini kwetu Kindu. Mama alikuwa nayo kidogo tu. Akaigawa, nusu akaifunga kwenye kitambaa, akaniambia nimpe mama mdogo mkononi kabla hata sijaketi. Nikaificha kiunoni, chini ya kikwembe nilichojifunga, ili askari wa njiani wasiione, na kweli hawakuiona.

Nilipofika nikakuta nyumba imejaa. Mama mdogo alikuwa amewapokea wanawake wawili na watoto watatu waliokimbia kijiji chao. Nikawatazama, nikapiga hesabu ya mchoyo: chumvi yetu itaisha kwa mlo mmoja, tena kwa watu wasiotuhusu. Nikaiacha kiunoni. Nilijiambia nitampa kesho, faraghani. Ujanja wangu wote wa siku zile ulikuwa na hiyo kesho ndani yake.

Mvua ilinyesha, tukajibanza jikoni sote. Mimi nilitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mama mdogo akaitia mawese na pilipili, akaiacha itokote taratibu huku wali ukiiva pembeni. Harufu ile ilinisahaulisha vita. Watoto walikuwa wameanza kugombania ukoko kabla sufuria haijateremshwa. Mama mdogo akanipakulia mimi kwanza, mbele ya wote, akainamisha macho.

"Utatusamehe, mutoto yangu," akasema. "Chumvi haiko. Haiko vizuri mugeni kula vile, lakini njo ile tuko nayo."

Hapo ndipo iliponipasa kufungua kile kitambaa. Badala yake nikasema haidhuru. Nikala sombe isiyo na chumvi, na chumvi ikinigusa tumbo kila nikimeza. Jumapili nikala tena vile vile. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema, maana sasa ningelazimika kueleza kwa nini sikuitoa jana. Nikarudi nayo Kindu, nikamdanganya mama kwamba mdogo wake ameshukuru sana, kisha nikaichomeka chumvi kwenye majani ya paa. Mvua iliyofuata iliiyeyusha yote. Hakuna mtu aliyeionja.

Baada ya mwezi mama mdogo alikuja mjini. Salamu hazijaisha, mama akamuuliza kama ile chumvi ilimfaa. Nilikuwa nachambua mchele mlangoni, nikazidi kuinamia ungo. Mama mdogo alinitazama mara moja tu, akaelewa.

"Ilitufaa sana, yaya," akamjibu dada yake. "Watoto walilamba sahani."

Nilipomsindikiza kivukoni nilianza kulia. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alinishika bega, akasema, "Nimeficha sababu ya mama yako, asione haya. Haiko sababu yako. Wewe utamuambia mwenyewe."

Sikumwambia. Niliahirisha mwaka huu, nikaahirisha mwaka ule, mpaka mama akafariki akiamini kwamba chumvi yake ilifika. Mama Zaina naye alifariki bila kuniuliza tena. Kwa hiyo nakwambia wewe, maana wa kuambiwa hawapo.

Mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha mtu, kitoe mlangoni, kabla hujaona nani yuko ndani na wako wangapi. Na kama umeshakosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama chakula kiko mdomoni. Aibu ya siku moja ungeimaliza. Yangu nimezeeka nayo, na hadi leo nikipika sombe siwezi kuonja chumvi bila kuinamisha macho.

Nenda salama shambani. Mungu akupe mkono usiosita na ulimi usiochelewa, sufuria yako isikose wageni, na wageni wako wasikose chumvi.