Siku Nilipomwangusha Mchungaji Uwanjani Gärdet

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema mwenyewe: mimi ndiye yule msichana aliyemwangusha Mchungaji Nestori kwenye tope mbele ya kanisa zima, tena akiwa amevaa tai. Nawahadithia mapema kabla hamjasikia kwa Mama Furaha wa kanisani kwetu, maana akihadithia yeye mchungaji huwa anavunjika mguu (hakuvunjika, aliteguka tu kifundo, na kidogo).

Naitwa Kemunto, nina miaka kumi na tisa, nakaa Alby, kitongoji cha Stockholm, na mama yangu, na nacheza mpira wa Australia. Msiniulize mpira wa Australia ulifikaje Stockholm, kwani mimi mwenyewe wa Kisii nilifikaje? Mpira wenyewe una umbo la papai. Unaupiga teke, au unauweka kwenye kiganja na kuupiga ngumi uende kwa mwenzako, lakini kumkabidhi mtu mkononi hivi hivi ni kosa. Na mtu akiwa na mpira, wewe wa timu pinzani unamkaba na kumwangusha chini. Si kwamba unaruhusiwa, ni kazi yako hiyo, na usipoifanya kocha anakuona huna maana.

Sasa, mwaka huu timu ya wasichana ilikuwa inatafuta wa kwenda mashindanoni Copenhagen. Nafasi karibu zote zilishajaa, zimebaki mbili, na sisi wa kuzigombania tulikuwa wanne. Kocha, dada mmoja mrefu anaitwa Linnea, alitutumia ujumbe kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata kutakuwa na mechi ya majaribio, na baada ya mechi atasoma majina mawili. Niliitaka nafasi hiyo, jamani, niliitaka mpaka nikawa naota. Tangu nije nchi hii nina miaka tisa sijawahi kuvaa jezi yenye namba yangu mwenyewe. Shuleni nilikuwa yule anayeambiwa ashike koti za wenzake.

Kosa lenyewe lilitokea jikoni siku ya Alhamisi. Mama alikuwa ametoka kazini (anahudumia wazee majumbani mwao, anarudi amechoka hata viatu anavulia sebuleni), simu iko kwenye spika juu ya friji, na upande wa pili ni shangazi wa Kisii anajigamba kwamba kijana wake amepata chuo, anasomea ufamasia. Mama akawa anasema hongera, hongera, Mungu ni mwema. Shangazi akauliza, na Kemunto je? Mama akasema, "Ah, wangu yuko tu. Anakimbiakimbia na mpira." Mwenzenu nilikuwa nakata sukuma wiki pale, kisu kikasimama, ile "yuko tu" ikanichoma kweli kweli. Nikasema kwa sauti ya kufika Kisii, "Mama, nimechaguliwa."

Yaani neno moja! Nikajiambia si uongo, ni ukweli uliotangulia kidogo, maana Jumamosi nitachaguliwa tu, mbio ninazo, nani wa kunizuia? Mama akapiga kigelegele, shangazi naye akapiga cha kwake, ufamasia ukasahaulika palepale.

Jumapili kanisani (tunakutana ukumbi wa kukodi Skärholmen, Wakenya, Warundi, Wakongo, kila mtu na Kiswahili chake) kikafika kipindi cha ushuhuda, na nani anasimama? Mama. Akasema Bwana amemwinua binti yake, amechaguliwa kuchezea timu ya taifa ya Uswidi. Taifa! Mimi nilisema nimechaguliwa, taifa imetoka wapi? Nafasi ya kusimama na kusahihisha nilikuwa ninayo, kila mtu ananiangalia, na mimi nikafungua mdomo na nikasema, "Amina."

Mchungaji Nestori akapanda pale mbele. Huyu ni mzee wa Burundi, mpole, ana miaka sitini na kitu, ndiye aliyetuletea magodoro wiki tuliyofika Alby hatuna hata kijiko. Akasema mtoto wa kanisa hawezi kwenda vitani peke yake, Jumamosi tunamsindikiza wote. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ya siku tisa ukihesabu kutoka ile Alhamisi, na mwisho wake ni uwanja wa Gärdet.

Walikuja watu ishirini na watatu. Niliwahesabu wakitokea upande wa kituo cha treni, ni Aprili, jua linawaka lakini baridi inauma masikio, nyasi zimejaa maji ya theluji iliyoyeyuka, na wao wamevaa nguo za Jumapili, kina mama vitenge juu ya makoti, birika la chai limefungwa kwa taulo, mandazi kwenye ndoo. Mchungaji alikuwa na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Wenzangu wakauliza ni harusi ya nani.

Nikajipa moyo. Si watakaa pembeni tu, watapiga makofi, mimi nitacheza, jina litasomwa, watajuaje kama limesomwa leo ama mwezi uliopita? Ningefika salama kabisa, haki ya Mungu, kama si mafua. Asubuhi hiyo wachezaji wawili walipiga simu ni wagonjwa, timu ya njano ikabaki na watu saba badala ya tisa, na Linnea akawageukia wazazi akauliza kama kuna wawili wanaoweza kusaidia. Baba yake Ebba (Ebba ni mmoja wa wale tuliokuwa tunagombania) akaruka mara moja, kumbe alikuja na viatu vya mpira kabisa. Wa pili akakosekana. Na mama yangu, mama yangu mzazi, akamsukuma mchungaji mgongoni akisema kwa Kiswidi, "Huyu alicheza mpira Bujumbura!"

Alicheza mwaka gani hakusema. Mchungaji alicheka, akakataa, akashangiliwa, akavua koti, akavalishwa fulana ya njano juu ya shati na tai yake. Linnea akapanga nani amkabe nani. Akanielekezea kidole mimi wa timu ya bluu, halafu akamwelekezea mchungaji.

Woi.

Mpira wa kwanza kumfikia mchungaji ulimdundia kifuani, akaukumbatia, akaanza kukimbia. Mimi nikamfikia kwa hatua tatu. Halafu? Nimshike wapi? Mtu aliyekuombea ukiwa na surua unamshika wapi? Nikawa nakimbia tu pembeni yake, bega kwa bega, kama mtu anayemsindikiza mgeni kituoni, Linnea anapiga kelele "Mwangushe!", kanisa linamshangilia mchungaji, na mchungaji naye ananiuliza kwa upole, "Binti yangu, naelekea wapi?" Nikamwonyesha. Akapiga teke, wakapata pointi.

Mara ya pili ni aibu zaidi. Mpira ulianguka katikati yetu, nikauokota mimi, nikainuka, na mchungaji kwa kutojua sheria akanyoosha mkono. Mkono wa mzee umenyooshwa mbele yako! Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa ananipiga kofi nikimpa mgeni hata glasi ya maji kwa mkono wa kushoto. Kabla akili haijafika, mikono ilikuwa imeshafika: nikampa mpira kwa mikono miwili, na magoti nikayakunja kidogo. Mpinzani wangu. Kwenye mechi ya majaribio. Kina mama wakasema "Mmeona mtoto ana adabu!", na Linnea akaandika kitu kwenye daftari lake.

Dakika hiyohiyo upande wa pili Ebba akamkamata baba yake kiunoni akamlaza kwenye tope, puu! Yule baba akainuka uso umekuwa mweusi kwa matope, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Bra, gumman!", yaani vizuri sana, kabinti kangu. Kwa upande wa kanisa, Mama Furaha alijifunika macho kwa kitenge. "Eh Yesu," akasema, "mtoto anapiga baba yake, na baba anashukuru?"

Mapumziko, Linnea akaniita kando. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akaniambia, "Kemunto, hakuna mwenye mbio kama wewe hapa. Lakini siwezi kumpeleka mtu asiyekaba. Zimebaki dakika kumi na tano. Nionyeshe mara moja tu, nitakuandika."

Mara moja tu. Niliangalia namba kwenye mgongo wa wasichana waliokwisha kuchaguliwa. Tulipoanza tena nikamsogelea mchungaji nikamnong'oneza, "Mchungaji, naomba unisamehe."

Alikuwa anahema, ameshika magoti. "Nimekusamehe, binti yangu. Kwa kosa gani?"

Mpira ulikuwa tayari unakuja. Akaudaka, safari hii vizuri kabisa, akageuka, na mimi nikafumba macho, nikaingia. Nilimkumbatia kiunoni, tukaruka wote wawili, tukatua kwenye dimbwi na maji yakaruka mpaka kwenye ndoo ya mandazi. Sasa sheria inasema ukikabwa lazima uuachie mpira, na mimi sheria inaniambia nisimwachie mtu mpaka filimbi ilie. Mchungaji hakuijua ya kwake. Akaung'ang'ania mpira, mimi nikamng'ang'ania yeye, tunagaagaa pale, tai yake iko mdomoni mwangu, na Linnea kwa furaha amesahau kupuliza filimbi, anapiga makofi.

Nikasikia miguu inakuja. Sikuhitaji kuangalia.

"Wewe! Wewe Kemunto! Unampiga mtumishi wa Mungu?" Mama alikuwa ameingia uwanjani na buti zake za baridi, kitenge amekipandisha magotini, na nyuma yake kina mama watatu. Alinishika sikio. Mtu mzima, miaka kumi na tisa, mchezaji, nikainuliwa kutoka kwenye dimbwi kwa sikio mbele ya timu nzima. Hapo ndipo filimbi ilipolia.

Linnea akaja mbio akauliza huyu ni nani. Nikasema, "Mamma." Mama akamgeukia kwa Kiswidi chake cha kazini, kile cha kugombana na wauguzi: "Mtoto wangu mlishamchagua, kwa nini bado mnamgombanisha na wazee?"

Linnea akashangaa. Akasema polepole, na vizuri, kila mtu asikie: "Hapana. Hakuna aliyechaguliwa kati ya hawa wanne. Leo ndiyo tunachagua."

Mama aliachia sikio langu. Nilitamani asingeliachia.

Mama Furaha, ambaye Kiswidi hakijamkaa bado, akauliza, "Anasema nini uyo?" Na mama, bila kuniondolea macho, akasema, "Mfasirie."

Tangu utoto kazi yangu kanisani ni hiyo, natafsiri barua za watu, natafsiri kwa daktari, mpaka nimewahi kutafsiri ugomvi wa majirani. Nikasema, "Anasema, mchezo ni mzuri." Mama akasema, "Kemunto." Mara moja tu, kwa sauti ndogo. Basi nikasimama pale, matope yananidondoka kidevuni, nikawafasiria watu ishirini na watatu neno kwa neno kwamba sijachaguliwa, sikuwa nimechaguliwa, na ushuhuda ulikuwa wa uongo. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji, ambaye bado alikuwa amekaa dimbwini na mpira wake, akasema tu, "Basi nisaidieni kuinuka."

Majina yaliposomwa lilikuwemo la Ebba na la msichana mwingine. Linnea aliniambia ile mara moja niliyokaba ilikuwa nzuri sana, lakini mtu anayetolewa uwanjani na mama yake hawezi kumpeleka Copenhagen mwaka huu, nijaribu tena Agosti kwenye majaribio mengine. Nililia nikiwa nafungua kamba za viatu, ili waone kama kamba ndizo zinanisumbua.

Kwenye treni mama hakunisemesha. Skärholmen wengi wakashuka, mchungaji akichechemea, akanishika kichwa kama kawaida yake akapita, na hiyo nayo ikaniliza. Tulipobaki wawili mama akasema, "Kwa nini?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama ninavyofanya nikiona haya, kwamba nilisikia alivyosema jikoni, kwamba mimi niko tu.

Mama alichungulia dirishani, tumefika Fittja, kituo kimoja kabla ya kwetu. Halafu akasema, "Lile nilikosa. Lakini wewe mjinga, ulidhani nimeomba ruhusa kazini nije kumwona aliyechaguliwa? Ungesema ni kujaribu tu, ningekuja vilevile. Na mandazi ningepika." Akatoa leso, akanifuta tope sikioni, palepale aliponishika, na hakunifuta taratibu.

Agosti ikafika, tena majaribio, tena wachezaji hawakutimia, tena wazazi wakaombwa kusaidia. Safari hii nilimwambia mama ukweli mtupu: ni majaribio, na naweza kukosa. Akaja peke yake, akasimama pembeni na pochi yake. Nikapangiwa baba mmoja mkubwa, mwenye ndevu, heshima imemjaa usoni, akaushika mpira, na mimi mbwa nikaanza tena kukimbia pembeni yake. Ndipo nikasikia sauti ya mama imekata uwanja mzima:

"Mwangushe, Kemunto! Huyo si mchungaji!"

Nikamlaza. Nikamlaza na mara ya pili, na ya tatu. Majina yatatumwa Jumatatu, na tangu nitoke uwanjani watu kumi na wawili wameshaniuliza, shangazi wa Kisii akiwemo. Naapa, hata nyinyi rafiki zangu sitawaambia kitu mpaka nilione jina langu limeandikwa. Msiniulize.