Mtu wa Kwetu

Kwetu mwanafunzi hasafiri peke yake. Hukabidhiwa mtu, na mtu huyo si lazima ajulikane. Inatosha awe anaongea lugha ya nyumbani. Ndiyo maana asubuhi ile stendi ya Bunda, likizo ya kidato cha tano ikiwa ndiyo kwanza imeanza, baba alizungukazunguka kando ya basi la Sirari, mpakani, akinitafutia mlinzi. Nilikuwa nakwenda Kenya, kwa shangazi yangu wa Kisumu.

Akapatikana. Mwanamume wa makamo, kijiti mdomoni, akasalimia kwa Kizanaki safi. Uso wa baba ukachangamka. Wakataja ukoo, wakataja kilima chetu kule Butiama, wakamtaja hata babu.

"Mimi napitaga Kisumu kila mara," yule bwana alisema. "Huyu ni mwanangu sasa."

"Damu nzito kuliko maji," baba akajibu, akampa hati yangu ya kusafiria anitunzie. Mimi mwenye mkoba wa zipu na akili timamu nimesimama pale natazama!

Njia nzima alitafuna sangara wa kukaanga, akilamba kidole kimoja kimoja, kisha vidole vilevile vikatua gotini kwangu. Nikavisukuma. Vikarudi. Hadi leo harufu ya mafuta ya samaki yaliyolala hunitoa jikoni.

Mpakani tukagongewa mihuri, tukavuka. Akazitia hati zote mbili mfukoni mwa shati lake. Jua lilikuwa bado kali na magari ya Kisumu yanaita abiria, lakini yeye akasema tutalala palepale, gesti, chumba kimoja.

"Si wewe ni mwanangu?" Akacheka, kijiti kikicheza mdomoni.

Bila ile hati sikuwa na pa kwenda, mbele wala nyuma, naye alilijua hilo. Nikageuka mbio hadi dirishani kwa yule mama wa uhamiaji aliyetugongea mihuri. Nikapaza sauti foleni nzima isikie: "Huyu mtu si baba yangu, na hati yangu anayo!"

Akaja nyuma yangu akitabasamu, akaanza kujieleza. Ukoo. Kilima. Babu. Yule mama akamkatiza.

"Huyu binti jina lake nani?"

Kijiti kikatulia. Baba hakulitaja, naye hakuuliza. Hati alikuwa nayo mfukoni safari nzima, hakujisumbua hata kuifungua. Yule mama akanyoosha mkono, akaichukua, akanipa mimi.

Niliporudi Bunda nilimsimulia baba yote, vidole na gesti. Alitazama chini.

"Lakini alikuwa anaongea Kizanaki vizuri kabisa," akasema.

Siku hizi hati yangu naivaa shingoni, ndani ya blauzi. Na mtu nisiyemjua akinisalimia safarini kwa lugha ya mama yangu, namjibu kwa Kiswahili.