Saa Niliyoijaribu Kama Ng'ombe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza na muweke hizo simu kando. Najua mnasema mimi ni mkali. Ni kweli, na sitaacha. Lakini leo sigombezi mtu. Leo nataka kuwaambia vile nilinunua saa ya mkono ya bei ya ng'ombe wa maziwa, katika uzee huu wangu, na vile moyo ulinidunda mpaka nikadhani ni presha.

Pesa ilikuwa ya avokado. Kahawa yetu ya hapa Githongo ni ya nyumba nzima, kila mtu anajua, ikilipwa kila mtu ana shida yake tayari. Lakini ile miti ya avokado ya kule chini mtoni niliipanda mwenyewe baada ya babu yenu kufariki, na maji niliibebea mgongoni. Miaka yote pesa yake imekuwa ikienda kwa karo, kwa mabati, kwa hospitali. Halafu ukafika msimu mmoja ambao hakuna mtu aliniomba kitu. Nilikaa na hiyo pesa nikiitazama kama mgeni ambaye hajasema amekuja kufanya nini.

Nilikuwa nimeenda Embu kumwona binti yangu kitinda mimba, yule anayefanya kazi ya ofisi huko. Jumamosi akanipeleka mjini tununue viatu vya kanisa. Viatu tulipata. Tukitoka, nikapita karibu na duka dogo la saa, na huko nyuma ya kioo nikaiona.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, na uso wake wa buluu, ile buluu unayoona juu ya mlima asubuhi na mapema kabla mawingu hayajaufunika. Haikuwa na nambari, ilikuwa na vistari tu vyembamba. Na mshale wa sekunde haukuwa unarukaruka kama wa saa ya ukutani. Ulikuwa unateleza. Nilisimama hapo kama mtoto aliyeona mandazi.

"Mami, twende," binti yangu akasema. "Hizo ni za watu wakubwa."

"Kwani mimi ni mdogo?"

Tukaingia. Mwenye duka alikuwa msichana wa Karurumo, mwenye adabu, aliyefunzwa kazi ya kutengeneza saa na baba yake. Akaniletea kiti, akaiweka saa juu ya kitambaa. Nikauliza bei. Binti yangu akashika mdomo. Nikauliza jina la kampuni. Msichana akalitaja, nami nikajaribu kulirudia, ulimi ukakataa. Binti yangu akatoa simu akatafuta, akatafuta tena.

"Mami, hawa hawajulikani. Ni kakampuni kadogo huko ng'ambo, hata miaka mingi hakana. Kwa hii pesa unapata saa ya jina ambalo kila mtu analijua."

"Kila mtu analijua, na kila mtu ameliiga," msichana akasema polepole, akiniita Cucu, nyanya, kama wajukuu wangu. "Hizo za jina, Cucu, nikiletewa kumi hapa kutengeneza, nyingi ni bandia. Hii hakuna anayejisumbua kuiiga."

"Hebu nyamaza kidogo, wewe unauza," binti yangu akamwambia. Kisha akanigeukia na kicheko kibaya. "Na ile simu niliyonunua nikiwa chuo, Mami? Uliniambia nini?"

Kwangu, tangu watoto wakiwa wadogo, kitu kisicho na jina hakiingii mlangoni. Simu yake ile niliirudisha mwenyewe sokoni, na muuzaji nilimpa maneno yake. Redio ya kaka yake pia. Sasa nikinunua hii saa halafu ife, si pesa ya avokado tu itakuwa imepotea. Nani kwangu angenisikiliza tena? Wangekuwa wananiitikia "ndiyo, Cucu" huku wakikonyezana.

Lakini macho yalikuwa yamekataa kutoka kwa ile buluu.

Basi nikasema nitafanya vile ninajua. Mimi ng'ombe nimenunua wengi, na hakuna aliyewahi kunidanganya. Ng'ombe hanunuliwi kwa macho. Unafika kwa mwenyewe jioni bila kumwambia, unakamua kwa mkono wako. Unarudi asubuhi unakamua tena, kwa sababu wako watu wanaacha kukamua siku nzima ili kiwele kivimbe. Unauliza mama yake alikuwa wa nani. Unauliza kwa nini anauzwa.

"Hii saa," nikamwuliza msichana, "mama yake ni nani?"

Binti yangu akajifunika uso. Lakini yule msichana hakucheka. Akasema mtambo wa ndani unatengenezwa na kiwanda kingine kikubwa kinachouzia kampuni nyingi, kwa hivyo ikiharibika, fundi yeyote anayejua kazi anaweza kuifungua. "Na haina betri, Cucu," akaongeza.

Hiyo ya betri niliiacha ipite. Muuzaji hakosi kusifu. Nilimwambia naenda nayo nyumbani niione ikilala na kuamka. Pesa yote nimwachie, nisiporidhika anirudishie. Akafikiria. Akaangalia viatu vyangu vipya, akaangalia uso wangu.

"Sawa, Cucu. Lakini isianguke."

"Msichana, mimi nimebeba mayai kutoka Githongo mpaka Meru kwa miguu."

Nilifika nyumbani nikaiweka juu ya meza, kwenye kitambaa changu cha kufuma, nikalinganisha na redio habari zikisomwa. Zilikuwa sawasawa. Asubuhi nikaamka kukamua, nikaiangalia kabla hata sijaosha uso. Ilikuwa inateleza tu. Mchana nikaiangalia, jioni nikaiangalia. Wajukuu wakawa wanapita pale mezani wakinyata. Nilijisikia kama siku zile nilikuwa msichana na kuna barua inakuja. Lakini kuivaa sikuivaa. Ng'ombe ambaye hujakubali kumnunua humfungi kamba yako. Ukishamfunga kamba yako umesema ni wako, na hata bei huwezi tena kupatanisha.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka kupeleka maziwa nikaikuta imesimama.

Niliiangalia muda mrefu. Ule mshale mwembamba ulikuwa umelala tu hapo. Mjukuu mmoja akasema, "Cucu, imekufa?" Nikamwambia aende akatafute kazi. Nilikaa kitandani. Nilisikia sauti ya binti yangu, "Na ile simu yangu, Mami?" kabla hata hajaambiwa.

Nikavaa leso, nikaifunga saa ndani ya kitambaa, nikaishika mkononi na kuanza kupanda ile njia ya kwenda barabarani. Nilikuwa naenda Embu siku hiyohiyo. Nilikuwa natembea kwa hasira, mikono ikienda huku na huku, na maneno ya kumwambia msichana nikiyapanga moja moja. Pale juu karibu na kiwanda cha kahawa nikasimama kupumua. Nikafungua kitambaa niione tena, nijitie hasira vizuri.

Ilikuwa inatembea.

Nilipiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa anaanika kahawa akauliza, "Ni nini, ni nyoka?" Nikamwambia ni saa. Akanitazama akarudi kwa kahawa yake.

Nikampigia msichana simu nikiwa hapo hapo.

"Cucu, ulikuwa umeivaa?"

"Nivae kitu sijanunua?"

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Cucu wangu, hiyo inakula kutoka kwa mkono wako! Ndani kuna chuma kinazunguka ukitembea, ndicho kinaijaza nguvu. Ukiiweka mezani inamaliza chakula inalala. Nilikuambia haina betri."

Nilisimama hapo na saa mkononi, na nikaanza kucheka pia, peke yangu, mzee mzima kando ya barabara. Saa inayokula kazi! Niliamka alfajiri miaka yote hii, nikapanda na kushuka huu mlima, na sasa kulikuwa na kitu kizuri ambacho kingekuwa hai kwa sababu tu mikono yangu haitulii. Nani alitaka jina la kampuni? Niliifunga mkononi. Ilikuwa kubwa, ikateleza mpaka karibu na kiwiko, lakini niliifunga.

Embu nilienda hivyo hivyo, na sikwenda kurudisha. Nilienda msichana atoe vipande vya mkanda initoshe. Binti yangu alitoka ofisini akaja kunikuta dukani, tayari amepanga maneno. Akaniona nimenyoosha mkono kama bibi harusi anayepakwa hina.

"Mami, umeamua?"

"Nimeamua."

"Na ikiharibika?"

"Nitailetea huyu. Kwani ng'ombe haugui?"

Msichana akaifungua nyuma atuonyeshe. Kile chuma kilikuwa kama nusu ya kifuniko cha sufuria, kinazunguka bila sauti. Binti yangu akainama akaangalia, akaangalia tena. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna nyingine ya mkono mdogo. Nilimwambia avune avokado zake kwanza.

Jioni nilikusanya watu wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaonyesha mkono. Nikawaambia hivi: "Siku nitakayougua nishindwe kuamka, msiiweke kabatini. Mmoja wenu aivae, aende nayo kukata majani ya ng'ombe, na achape kazi mpaka nipone. Na sitaki kuikuta imesimama."