Soli Kumi na Nane za Watu

Wifi yangu Eudocia alikuwa mkaidi tangu siku ya kwanza kaka yangu Herminio alipomleta nyumbani, na kwa miaka mingi sikumpenda kwa sababu hiyohiyo. Siku hizi ukimsema vibaya mbele yangu tutakosana.

Nyumba yake iliendeshwa na bahasha saba. Alizishona mwenyewe kwa karatasi ya mifuko ya saruji, maana za dukani, alisema, zinachanika kabla ya mwezi kuisha. Kila Jumapili, akishatoka sokoni alikouza jibini, na Herminio akishatoa kile alichobakiza kwenye ujira wake wa ujenzi, pesa ziligawanywa mezani: chakula, kuni, mbegu, viatu, dawa. Ya sita ilikuwa ya macho yake. Ya saba aliiita Watu, nayo ilikuwa ya vile vitu ambavyo hununui kwa kuvitaka, unanunua kwa sababu watu watasema: shada la maua la msibani, zawadi ya ubatizo, bia ya harusi ya binamu. Hakuna bahasha iliyoruhusiwa kukopa kwa mwenzake. Binti yangu alipobatizwa, ile ya Watu ilikuwa tupu, basi Eudocia akaja na jibini moja ndani ya kitambaa na kukaa mstari wa mbele bila wasiwasi wowote. Niliapa sitamsamehe.

Mtoto wa jicho alimwanza jicho la kulia, kisha la kushoto. Ndipo alipozikata bahasha pembe, moja kwa chakula, mbili kwa kuni, ili azijue kwa vidole. Daktari wa mjini Huaraz alitaka pesa, soli elfu mbili na mia nane, kwa macho yote mawili, akamwonya kwamba akichelewa mpaka mwaka mwingine huenda la kulia lisipone tena. Kufikia mwezi wa sita bahasha ya macho ilikuwa na elfu mbili na mia sita. Zilimchukua miaka mitatu.

Sasa, kwetu msimamizi wa sikukuu ya mtakatifu haombi mchango kwa mdomo. Anatuma mkate. Inakuja mikate ishirini na minne kwenye kikapu, kila mmoja na msalaba wa unga juu yake, pamoja na chupa ya pombe ya miwa. Usipotaka, unakirudisha kikapu siku hiyohiyo kikiwa kizima, jambo ambalo sijapata kuona mtu akilifanya. Ukiumega tu mmoja, au ukiinywa ile pombe, umefungwa: utatoa anachotaka. Mwaka ule Don Teófanes, aliyekuwa msimamizi, alitaka fahali wa kuchezwa uwanjani, na kikapu chake kikaenda kwa kaka yangu. Nasema ukweli, mimi nilikuwa mmoja wa waliokibeba.

Eudocia alikuwa sokoni. Herminio alikunywa pale pale mbele yetu, kifua mbele, maana kuchaguliwa kutoa fahali ni heshima. Yaliyofuata nimeyasikia kwao wote wawili, na hawakupingana hata kwa neno. Mke alirudi na njaa, mume akamwekea mkate kando ya kikombe. Akaumega, akachovya, akala. Kwenye kipande cha pili kidole chake kikagusa msalaba.

"Mkate huu wa nani?"

"Kula tu, mke wangu, chai itapoa."

"Herminio, nimekuuliza wa nani."

Akamwambia.

"Uliniona ninaula."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ungeurudisha. Halafu mimi uso niufiche wapi? Baba alitoa fahali. Babu alitoa fahali."

"Basi waambie watoe tena."

Kaka akabembeleza. Pesa za macho azikope tu, baada ya mavuno atazirudisha zote. Eudocia akaichukua bahasha, akaitia ndani ya blauzi yake. "Macho ni yangu," akasema. "Fahali ni wa watu, na bahasha ya Watu ina soli kumi na nane mpaka Desemba. Kawape hizo."

Jumapili iliyofuata, alfajiri, alikuwa mlangoni kwangu na mfuko wa unga wa ngano mgongoni.

"Wifi, nataka tanuri lako."

"La nini?"

"Nawarudishia mkate wao. Niliula mmoja, na iliyobaki kaka yako kawagawia mafundi wenzake. Nitaoka mingine."

"Mkate ulioliwa haurudishwi, Eudocia. Haijawahi kutokea."

"Leo itatokea. Washa moto, au niende kwa jirani yako nikamwambie umeninyima?"

Niliwasha huku ninanung'unika. Alikanda peke yake, vizuri kuliko mimi, lakini ilipofika kwenye misalaba vidole vyake vikawa vinabandika unga pembeni, kwenye sinia, popote. Akasimama. "Niwekee wewe," akasema. "Mimi siioni." Hakusema ili ahurumiwe. Mimi niliyebeba kikapu cha kwanza nikapanga misalaba ishirini na minne, na kufikia ule wa mwisho nilikuwa na hasira na mji mzima, nikianzia na mimi mwenyewe.

Misa ilipokwisha tukaenda uwanjani, yeye mbele, amenishika kiwiko. Don Teófanes alikuwa amekaa na wapiga tarumbeta wake, na kaka yangu pembeni yake. Eudocia akaweka kikapu miguuni mwa mzee.

"Don Teófanes, mkate wako huu. Uhesabu."

"Mama Eudocia, kitu kikishaliwa kimeliwa. Mumeo ameshanywa."

"Aliyekunywa atoe fahali. Mimi nililishwa bila kujua, kwa sababu sioni, na aliyenilisha huyo hapo anatazama viatu vyake. Ngano, mayai na sukari vimegharimu soli kumi na saba. Hii hapa moja iliyobaki. Mwaka huu Watu wamekwisha kwangu."

"Mtakatifu atakasirika."

"Anajua ninakokaa. Aje tuzungumze."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mke wa Don Teófanes akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kama nami nimerogwa. Nikamjibu misalaba nimeiweka mimi. Mzee hakukigusa kikapu, lakini hakukirudisha pia, na fahali akatolewa na mtu mwingine.

Tulilipia, haswa. Wiki saba jibini yake ilikaukia mezani. Mayai yangu hayakununuliwa. Kaka yangu akahamia kwa mama, akisema atarudi akiombwa, na hakuombwa. Mia mbili zilizopungua Eudocia alizipata kwa kuuza blanketi zake mbili na kula viazi bila kitu, kwa sababu bahasha ya chakula hakuigusa, ukaidi wake ni wa namna hiyo. Nilimpeleka Huaraz mimi. Jicho la kulia, kisha wiki mbili baadaye la kushoto.

Jumapili ya kwanza baada ya bandeji alirudi mezani pake sokoni. Hakuna aliyesogea. Niliona aibu kwa niaba yake na nikamwambia tufunge, twende nyumbani.

"Kwa nini?" akasema. "Miezi yote ile nilikuwa sijui nani ananipa mgongo na nani ananitazama. Leo nawaona."

Akaanza kuwataja huku akikata jibini, kwa sauti ya kawaida, na kila aliyetajwa alisikia. Yule wa sketi ya kijani ni Zoraida, tulisoma darasa moja. Yule mwenye kofia ni fundi Abundio, alikula mkate wangu mmoja. Alifika kwa wanaume waliokuwa wamesimama mbele ya duka la mbolea.

"Na yule aliyejitanda poncho ya kahawia mabegani ni mume wangu."

Kaka yangu akageuka. Eudocia akaweka kisu chini, akamtazama usoni, moja kwa moja, bila kupepesa, mpaka Herminio ndiye aliyeinamisha kichwa.