Kiungo cha Mashuuru

Kazi yangu ni ya kukaa. Nasema mwenyewe kabla hujanicheka. Niko na cheti cha kidato cha nne na kiti kimoja cha plastiki, na hapa nyumbani Kitengela ndipo ninapochunga ruta za kakampuni kadogo ka intaneti, vile visanduku vya kuelekeza data, mlingoti hadi mlingoti, mpaka Mashuuru kwa wakwe zangu. Huko ndiko alikorudi mke wangu, akaniacha hapa.

Ruta zina adabu kuliko mimi. Kila moja husalimia majirani zake. Jirani akinyamaza sana, huhesabiwa kwamba amepotea, na habari hiyo hupitishwa hadi zote ziwe na ramani ileile. Kisha kila moja hujipigia hesabu ya njia nafuu. Juzi tuliziongezea jambo: zitangaze pia njia imelemewa kiasi gani, sio tu kama kiungo chake kiko hai. Zile kuukuu zisizoelewa tangazo hilo haziitupi habari. Zinaibeba tu hadi kwa jirani.

Nilimweleza shemeji, kaka ya mke wangu, anayechunga ng'ombe karibu na mlingoti wa huko. Akacheka.

"Hiyo si ni sisi? Tukikutana malishoni, salamu, halafu habari yote: maji yako wapi, nyasi imeisha wapi. Hata isiyokuhusu unaibeba. Sasa wewe, mzee wa kiti, habari yako nani ataibeba?"

Mimi nilikuwa namtumia mke wangu ujumbe kila asubuhi. "Uko poa?" "Niko poa." Nikaridhika kwamba kiungo kiko hai.

Kwao Wamaasai, mke akirudi kwa wazazi wake, mume hufika mwenyewe na wazee wake, akae chini, asemwe. Shemeji alinipa siku. Siku hiyo kiungo cha Mashuuru kikawa kinaanguka na kuamka, ruta zote zikipiga hesabu upya kila mara. Nikasema nitatoka kikitulia.

Jioni shemeji akapiga.

"Wazee wetu walikaa. Wakangoja, wakaenda."

"Mlingoti ulikuwa unasumbua, shemeji."

"Mlingoti si uko huku huku ulikoitwa?"

Nikaomba niongee na mke wangu. Shemeji akazungumza na mtu kando, kwa Kimaasai, kisha akarudi kwangu bila utani.

"Anasema Jumamosi atatuma watu wachukue vitu vyake. Utakuwa nyumbani?"

Nikamwambia nitakuwa.