Waya wa Njano Chini ya Kiti cha Baba

Baba hakuwahi kukanyaga gereji yangu ya Tunduma. Kwake, umeme wa magari haukuwa kazi ya binti wa mkulima wa kahawa. Asubuhi ile alikuja mwenyewe kutoka Igamba. Kwenye dashibodi ya gari lake iliwaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyefunga mkanda mbele ya puto, na haikuzimika.

"Fundi wa Vwawa ameshindwa," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Hebu tazama na wewe."

Alibaki kitini na mkanda kifuani, maana goti lilikuwa limevimba. Nikapiga magoti mlangoni, nikavuta nyaya chini ya kiti. Mbili zilikuwa zimechubuliwa. Nikashika taa ya kupimia, nikasogeza ncha yake kwenye shaba.

Hapo ndipo nikaiona rangi chini ya vumbi. Njano.

Nikairudisha taa nyuma haraka. Waya za rangi hiyo huenda kwenye baruti ndogo inayoukaza mkanda gari linapogonga. Umeme wa taa yangu ungeweza kuilipua, na mzee yuko ndani.

"Baba, zima gari. Fungua mkanda, ushuke."

"Goti, mwanangu. Pima tu."

"Shuka!"

Sikuwa nimewahi kumfokea baba maishani mwangu. Akashuka akinishika bega. Nikachomoa terminali ya betri. Tukasubiri umeme uliobaki uishe, yeye ameegemea ukuta, nami nikimweleza kuhusu baruti ile. Barabarani malori yalinguruma kwenye foleni ya mpakani. Nilihesabu dakika kumi, nikaongeza tano kwa woga.

Plagi ya waya hizo ilikuwa imejaa kutu ya kijani. Niliisafisha, nikabadilisha vipande vya waya vilivyochubuliwa, nikafunga kila kitu, nikarudisha betri. Nikamwambia baba akae mbali. Nikanyoosha mkono kupitia dirishani, nikazungusha ufunguo. Taa ikawaka. Nikasubiri sekunde chache. Ikazimika.

Baba akasogea.

"Yule wa Vwawa alizichoma waya hizohizo kwa taa kama yako," alisema polepole. "Mimi nimekaa, mkanda nimefunga, tunapiga soga."

Nikakaa juu ya tairi. Baba akatoa simu yake mfukoni, akanipa.

"Mpigie. Mweleze wewe, fundi, kabla hajashika gari lingine."