Migongo ya Vijiko vya Mama

Mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya wamisheni, hapa Mumbuni. Mke wa mmisheni alipokuwa akirudi kwao, alimwachia vijiko sita vilivyopakwa fedha. Mama alitwambia vilikuwa mali ya yule mama mwenyewe, zawadi ya arusi yake, si vya nyumba ya kanisa. Hakuna aliyemhoji maisha yake yote. Wamengoja mpaka amezikwa.

Mwaka huu kanisa letu limetenga chumba cha vitu vya zamani, na vijiko vya misheni vimewekwa kwenye kabati la kioo. Mzee mmoja wa kanisa, tuliyebatizwa naye siku moja, akaiambia kamati kwamba vijiko vimepungua, na vilivyopungua viko kwangu.

"Mpishi hakosi kuonja," akasema, na watu wakacheka.

Tulisikia mwanamke anayeuza vitu vya kale Nairobi atakuja kukagua kabati, nikamshukuru Mungu. Alipofika alitueleza kwamba kila mtengenezaji alipiga chapa yake mgongoni mwa mpini. Akageuza kijiko cha kanisa, akatukabidhi lenzi tutazame: herufi ndani ya ngao ndogo. Kama vya mama vingekuwa na chapa tofauti, basi ingejulikana havikutoka katika seti ile, na neno la mama lingesimama. Nikafungua kitambaa nilichovifungia.

Akavigeuza kimoja kimoja. Migongo ilikuwa laini, ya manjano.

"Fedha imekwisha, mzee. Chapa pia. Vilisuguliwa kwa kitu gani?"

"Majivu," nikasema. "Majivu na mchanga wa mtoni, kila tulipopata mgeni."

Kwetu mgeni hapewi chombo kilichofifia. Mama alichuchumaa nje ya jiko akasugua mpaka vidole vikapauka, na mgongo ndio aliousugua zaidi, maana alivilaza kifudifudi mezani visiguswe na nzi. Mgongo ndio aliouona mgeni kwanza.

Mzee mwenzangu akakohoa. "Mwizi hufuta alama, ndugu yangu."

"Wewe umekula navyo. Krismasi ngapi umekaa kwetu? Alikuwa akikusugulia wewe!"

"Nilikula. Sikuuliza vimetoka wapi."

"Naye hakukuuliza mbona unarudia sahani."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamwomba yule mwanamke aseme neno. Akasema kwa upole kwamba bila chapa hawezi kuthibitisha lolote, kwa upande wowote. Kamati ikaniomba niviache kabatini, kwa ajili ya amani. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikaondoka navyo.

Mungu amenijalia umri na subira, nami namshukuru. Jumapili baada ya ibada mzee yule hunipa mkono, naupokea, kwa kuwa nimeamriwa kusamehe. Lakini kumwambia apite kwangu anywe chai, hilo bado. Naliombea kila asubuhi, na kila asubuhi najikuta nimemaliza sala upesi.